Gari Gumu Halishiki Barabara

Huku magharibi mwa Kenya kuna kauli moja. Utaikuta Bumala, utaikuta Busia mjini, na ukipanda hadi Malaba utaisikia tena kwa maneno yale yale: gari gumu ndilo gari. Fundi huegemea boneti kwa viganja viwili, akasukuma. Likikataa kushuka, anatikisa kichwa kwa kuridhika na kutangaza kwamba gari liko stebo, yaani thabiti. Mwenye gari analipa, anaondoka akidunda juu ya matuta ya kwanza, na mdundo huo anauhesabu kuwa dalili ya afya.

Tuitendee haki hoja hiyo kabla ya kuivunja. Wanaoishikilia wanasema hivi. Saspensheni ina kazi mbili zinazogombana: kumpumzisha aliyeketi na kulidhibiti gari. Springi laini humfurahisha abiria, lakini huliacha gari lilale kwenye kona, lizamishe pua likifunga breki na liyumbe likikwepa shimo. Springi ngumu hufanya kinyume. Kwa hiyo kila unachoupa mgongo, umeunyang'anya usukani. Na kwa kuwa sisi wa Sigalame, Funyula na Sio Port lami yetu ni ya kuonjeshwa, tuna mizigo, na tuna abiria wengi kuliko viti, busara ni kuchagua ugumu, kuliinua gari kidogo, na kuwaachia starehe wale wanaofunguliwa mlango na dereva.

Hoja ina mpangilio, na inasemwa na watu waliotumia nusu ya maisha yao wakiwa chali chini ya magari. Tatizo ni kwamba karibu kila kiungo chake kimelegea.

1. Kinachoonekana na kinachoshika

Gari likilala kwenye kona, kila mtu anaona. Abiria wa kushoto anamwegemea wa kulia, mama anakamata kiti cha mbele, makanga anacheka. Lakini tairi ikianza kupoteza mshiko hakuna anayeona, mpaka wakati ambao kuona hakusaidii tena. Ndiyo maana watu wazima na akili zao wamefundishwa kuogopa lile la kwanza na kulipuuza la pili.

Bodi haishiki barabara. Zinazoshika ni sehemu nne za raba, kila moja ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu mzima. Kazi ya kwanza ya saspensheni ni kuzikandamiza sehemu hizo chini kwa nguvu isiyobadilika ovyo. Kwenye lami iliyonyooka springi ngumu inaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, na huko hoja ya mafundi ina ukweli wake. Kwenye murram iliyokunjamana kwa kupitiwa na malori, tairi ya gari gumu inapanda kila mkunjo na haiwahi kushuka kabla ya unaofuata. Kwa sehemu ya kila sekunde tairi hiyo iko hewani, au imegusa ardhi bila uzito, na tairi isiyo na uzito haifungi breki wala haigeuki. Gari gumu juu ya murram ni mtu anayekimbia kwenye mawe kwa viatu vya mbao: hayumbi, anateleza.

Kuna jambo jingine ambalo gerejini halitajwi. Gari linapopiga kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Sehemu ya uzito inayohama huamuliwa hasa na mambo matatu: kasi na ukali wa kona yenyewe, kimo cha kitovu cha uzito wa gari, na upana kati ya tairi za kushoto na za kulia. Ugumu wa springi unaingia kwenye hesabu hiyo kwa kiwango kidogo sana. Unachoweza kufanya ugumu ni kuamua uzito huo ubebwe zaidi na ekseli ya mbele au ya nyuma. Sasa tazama ni wapi springi zetu huongezwa: nyuma, mara nyingi nyuma, kwa sababu mizigo iko nyuma. Ekseli ya nyuma ikifanywa ngumu peke yake, ndiyo inayobeba sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama, na tairi zake ndizo zinazochoka kwanza. Mvua ikinyesha, kona ikaja ghafla, mkia wa gari unataka kutangulia pua. Dereva aliyelipia uthabiti amenunua gari linalopenda kugeuka nyuma mbele, na ameambiwa ni imara kwa sababu halikulala.

2. Gereji mbili, ahadi moja

Hapa ndipo kauli hii inapojisaliti yenyewe, na ningeomba msomaji asipite haraka.

Kijana mwenye Subaru anapeleka gari kwa fundi wa kwanza. Anataka lishuke, lifanane na yale ya picha. Fundi hana springi fupi, ana grainda. Anakata mizunguko miwili ya kila springi na kurudisha mahali pake. Kwa fundi wa pili, mita chache tu kando, mwenye Probox anataka gari lipande. Huyu anatiwa vipande vya raba katikati ya mizunguko ya springi, kisha anawekewa spesa za chuma juu ya shokabsoba. Wote wawili wanaondoka wakiwa wameambiwa jambo moja: sasa litakuwa stebo.

Gari moja limeshuka, jingine limepanda. Ikiwa kushuka kunaleta uthabiti, kupanda kunaleta nini? Kitovu cha uzito kikishuka, uzito unaohama kwenye kona hupungua, kikipanda, huongezeka. Fundi mmoja kati ya hawa wawili lazima awe anasema uongo, hata kama hajui. Wanachokubaliana ni kwamba gari la kila mmoja limekuwa gumu zaidi. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi: kadiri mizunguko inavyopungua, ndivyo springi inavyokuwa ngumu. Yenye mizunguko 8 ikikatwa ikabaki na 6, ugumu wake umepanda kwa theluthi moja. Raba nayo, ikiizuia mizunguko miwili isijongee, inafika palepale bila grainda. Kwa njia zinazopingana wamefikia ugumu uleule, na ugumu huo ndio wanaouita ufundi.

Gharama inakuja baadaye, na huja ikiwa imebadili jina. Subaru iliyokatwa springi haina tena nafasi ya kutosha ya gurudumu kupanda, kwa hiyo katikati ya kona, penye shimo dogo, inagonga kizuizi cha raba. Hapo ugumu unaruka ghafla na tairi inaachia. Probox iliyopandishwa kwa spesa imepindisha ekseli za kuzungusha magurudumu ya mbele kuliko zilivyokusudiwa. Mifuko yake ya raba inachanika, vumbi linaingia, na sauti ya ka-ka-ka inaanza kusikika kila inapokata kona. Kisha boljointi, kisha tairi zinalika upande mmoja. Mwenye gari anarudi kwa fundi yuleyule kulalamika kwamba spea za siku hizi ni feki. Huenda kweli ni feki. Lakini hata iliyo halali haikutengenezwa kukaa kwenye pembe hiyo.

Matatu ya Hiace ina kichekesho chake. Mbele haina springi za mzunguko. Ina fito ndefu za chuma zinazojipinda. Fundi hukaza bolti ya fito hizo, pua ikapanda, naye akasema ameifanya ngumu. Hajaifanya. Chuma ni kilekile na ugumu wake ni uleule. Alichofanya ni kuliweka gurudumu karibu na mwisho wa safari yake ya kushuka, ili likikuta shimo lisiweze kulifuata. Linaning'inia, kisha linatua kwa kishindo, na abiria anapewa kishindo hicho kama ushahidi kwamba kazi imefanyika.

3. Shoki, au hesabu isiyopigwa

Springi haimalizi nguvu ya shimo. Inaihifadhi na kuirudisha. Inayoimaliza ni shokabsoba, shoki kama tunavyoiita, ambayo husukuma mafuta kupitia vitundu vidogo na kuigeuza nguvu hiyo kuwa joto. Gari lenye springi bila shoki nzima huendelea kupanda na kushuka muda mrefu baada ya shimo kusahaulika. Springi na shoki, basi, ni jozi. Kila shoki imepimwa kwa springi fulani na uzito fulani.

Sasa fanya springi kuwa ngumu mara 2 bila kugusa shoki, kama inavyofanywa kila siku. Uwezo wa shoki kutuliza gari, ukilinganishwa na springi hiyo mpya, unashuka kwa karibu asilimia 30, kwa sababu kinachoingia kwenye hesabu ni kipeuo cha pili cha ugumu. Ongeza na uzito wa gari mara 2: uwezo huo sasa ni nusu ya ulivyokuwa. Soma tena. Kadiri unavyoimarisha springi na kujaza watu, ndivyo gari linavyozidi kukosa wa kulituliza. Kuyumba huku ndiko mteja alikokuja kukuondoa.

Na gari halibaki limejaa siku nzima. Gari la kawaida hupanda na kushuka takriban mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. La michezo hukaribia 2. Probox ya mara 1.5 iliyowekewa springi ngumu maradufu, ikishusha abiria wake Busia na kurudi tupu, inafika mara 2.1. Yaani inatikisika kama gari la michezo, ila haina shoki za gari la michezo, haina tairi zake, na ekseli yake ya nyuma inaruka kila dereva anapogusa breki. Hakuna kijana wa Nairobi aliyewahi kulipia mchanganyiko huo kwa hiari.

Halafu kuna shoki zinazotobolewa, zikajazwa mafuta mazito na kuchomelewa tena. Mafuta mazito hufanya shoki iwe ngumu hata kwa vishimo vidogo, na kwa hiyo mteja anasifu. Vali za ndani zilizokwisha hazikuguswa.

4. Probox isiyoinama

Japani, ambako Probox ilianza kuuzwa mwaka wa 2002 kama gari la kazi, van yake iliidhinishwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu 2, au kilo 250 ikiwa na watu 5. Kwa kipimo cha Wajapani cha kilo 55 kwa mtu, hiyo ni takriban kilo 525 kwa jumla. Weka watu 11 ndani, kama kila msafiri wa magharibi mwa Kenya anavyojua huwekwa, na kila mmoja mpe kilo 65 za kawaida. Umefika kilo 715 kabla ya gunia la kwanza la mahindi, kabla ya beseni la omena, kabla ya kuku.

Wenye kauli yetu watasema: ndiyo sababu tunaweka springi ngumu. Kwa kweli hapo ndipo hoja yao inapokuwa hatari badala ya kuwa kosa tu. Tako la gari kuinama chini ya mzigo ni lugha pekee lililo nayo ya kusema nimezidiwa. Springi ngumu haiongezi hata kilo moja ya uwezo wa breki. Haiongezi nguvu ya tairi, wala beringi, wala chuma cha ekseli. Inachofanya ni kulinyamazisha gari. Limebeba zaidi ya lilivyoruhusiwa na limesimama wima, limenyooka, tako juu, mbele ya askari wa kizuizi cha barabarani ambaye naye hutazama tako. Wote wameridhika: gari haliinami, basi halijajaa.

Mwaka wa 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zililazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na abiria waliozidi wakashushwa. Springi hazikuwa kwenye orodha hiyo. Kwa nini ziwe? Springi haionekani, na haina utepe wa kukatwa mbele ya kamera.

5. "Barabara zetu ni mbovu"

Hii ndiyo hoja inayotolewa mwisho, kwa sauti ya mtu anayeweka karata kubwa mezani. Starehe ni ya Ulaya. Huku tunataka gari la kuvumilia.

Vizuri. Tuulize basi barabara mbovu zenyewe zilichagua magari gani. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, na kwa miongo kadhaa ilipita kwenye vumbi, tope na mawe ya Afrika Mashariki kwa maelfu ya kilomita. Miaka ya 1970 ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000. Kama ugumu ungekuwa dawa ya barabara mbovu, huko ndiko ungetawazwa. Mmoja wa waliotawazwa ni Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, ikashinda tena mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa miaka miwili kati ya hiyo, 1966 na 1967, ni wa Bert Shankland na Chris Rothwell, kutoka Tanzania. Kisha 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 504 ya milango miwili ikarudia 1978. Hayo yalikuwa magari yaliyojulikana kwa jambo gani? Kwa springi laini, kwa magurudumu yaliyopanda na kushuka mbali sana, na kwa shoki ambazo Peugeot ilijitengenezea yenyewe kwa sababu haikutaka kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Wazee wa huku hawahitaji kusimuliwa. Pijo 504 ya viti vingi ndiyo iliyowapeleka Nairobi na kuwarudisha kijijini kwao, mwaka baada ya mwaka. Ilipanda shimo na kulimeza. Ililala kwenye kona, naam, ililala sana, na tairi zake zikabaki chini. Leo mtu anayeikumbuka Pijo kwa machozi anaingia gerejini na kuagiza kinyume chake, kisha anasema magari ya zamani yalikuwa imara kwa sababu yalikuwa magumu.

Na si Wafaransa peke yao. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors, alikuwa akitafuta starehe ya abiria alipoanza majaribio yake Cadillac miaka ya 1930. Aliona kwamba springi za mbele zikilainishwa, ekseli ya mbele iliyokuwa fimbo moja ilianza kutetemeka na kuutikisa usukani. Fundi wetu angerudisha springi ngumu akaenda zake. Olley na wenzake waliitupa ekseli, wakaliacha kila gurudumu lijongee peke yake, na kufikia mwaka wa 1934 magari hayo yalikuwa sokoni, laini zaidi na yenye usukani mtulivu zaidi kuliko yaliyotangulia. Colin Chapman aliyatoa magari yake ya Lotus Elan mwaka wa 1962 yakiwa na springi laini kuliko washindani wake, na madereva wa michezo wakayasifu kwa kona. Mwaka huohuo wa 1962 Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa alimiminiwa risasi huko Petit-Clamart ndani ya Citroën DS, mojawapo ya magari laini kabisa ya zama zake. Tairi zilitobolewa, na dereva akaendelea kulidhibiti mpaka wakatoka hatarini.

Hapo ndipo penye kosa la msingi. Mzozo kati ya starehe na udhibiti upo, lakini ni mzozo wa gari ambalo tayari limefika mwisho wa ufundi wake: shoki nzima, bushi nzima, pembe za magurudumu sahihi, upepo wa tairi sahihi. Hapo, na hapo tu, mhandisi anachagua apunguze hiki apate kile. Gari lenye bushi zilizokwisha na shoki zinazovuja mafuta halijafika kwenye chaguo hilo. Unaweza kuliongezea starehe na udhibiti kwa pamoja, siku moja, kwa spana zilezile.

6. Starehe ya nani?

"Starehe" yenyewe imefanywa neno la dharau, kana kwamba ni kiyoyozi au mto wa ngozi. Mwulize mama mfanyabiashara anayevusha trei za mayai kutoka Uganda hapo Busia, 30 kila trei, ni dereva gani anampa mzigo wake. Hatamchagua yule wa gari gumu. Huyu mama hajasoma uhandisi, lakini anapiga hesabu ya kilichovunjika jioni, na hesabu yake haijali gari lilikuwa stebo kiasi gani. Vivyo hivyo wa nyanya. Vivyo hivyo aliyempakia mgonjwa usiku kutoka Samia kwenda hospitali ya rufaa ya Busia, au mjamzito ambaye uchungu umeanza.

Mwili wa mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mitikisiko ya wima ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Viwango vya kimataifa vya kupima mtikisiko vimejengwa juu ya jambo hilo. Ulaya, kwa sheria ya mwaka wa 2002, imemwekea mwajiri kikomo cha mtikisiko ambacho mfanyakazi hapaswi kuvuka kwa siku ya saa 8, na kikomo cha chini zaidi ambacho kikifikiwa lazima hatua zichukuliwe. Wenzetu wameipa starehe jina la usalama wa kazi. Dereva wa matatu ya Malaba anayeshuka jioni akiwa ameshika kiuno hana sheria hiyo mezani. Ana kauli ya fundi, na vidonge vya maumivu. Na mgongo ukimuuma, mguu wake unachelewa kwenda kwenye breki, jambo ambalo hakuna springi inayolirekebisha.

Wa bodaboda nao wamo. Shoki mbili za nyuma za pikipiki zina ngazi za kukaza springi kulingana na mzigo. Wengi hukaza mpaka mwisho kwa ajili ya abiria wawili, na hubaki hivyo hata wanapoendesha peke yao.

7. Anayelipa bila kuulizwa

Malori yanayosubiri kuvuka Busia na Malaba yanaruhusiwa, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo, kufika hadi tani 56 kwa ekseli 7. Mizani hupima lori likiwa limesimama au likienda polepole. Barabara haipimi hivyo. Barabara hupokea kile kishindo ambacho tairi inaleta inapotua, na lori lenye springi za vyuma bapa zilizoongezwa kimoja juu ya kingine hutua kwa kishindo kikubwa zaidi kuliko lile linaloelea juu ya mifuko ya hewa, hata kama mizani imeyapa namba moja.

Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yaliacha kanuni ambayo wahandisi wa barabara bado huitumia: uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Zidisha kishindo kwa asilimia 20 tu na uharibifu unakuwa zaidi ya maradufu. Kwa sababu hiyo sheria ya Ulaya inaliruhusu lori lenye saspensheni ya hewa na tairi pacha kubeba tani 19 kwenye jozi ya ekseli zinazosukuma gari, badala ya 18. Ulaini umelipwa kwa tani nzima. Huku kwetu ugumu ndio unaosifiwa, mashimo yanazaliwa, kisha mashimo yanatolewa kama ushahidi kwamba tunahitaji ugumu zaidi. Mduara huu hauna mahali pa kuingilia isipokuwa mtu mmoja akubali kwamba alianza yeye.

Samia ilikuwa nchi ya wahunzi, watu waliofua chuma na kuuza majembe mbali kabla ya lami kufika. Springi kuukuu za malori bado hufuliwa zikawa mapanga. Chuma kile hufanya kazi nzuri shambani. Sioni kwa nini kirudishwe chini ya gari la abiria, kirundikwe vipande vitatu zaidi, kwa imani kwamba kikizidi ndipo salama inapozidi.

8. "Huna habari ya bei"

Jibu la mwisho ni la pesa, na ni la haki kulijibu. Shoki nne mpya zinauma. Vipande vya raba vya springi ni bei ya chakula cha mchana. Lakini ipigwe hesabu yote. Raba hizo zinakuja na tairi zinazolika upande mmoja, boljointi mbili, mifuko ya ekseli iliyochanika, kioo cha mbele kinachopasuka kwenye kona ya fremu, viti vinavyolegea, bodi inayoanza kulia kama karai la mabati, na siku za gari kulala gerejini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoandikwa kwenye risiti ya raba.

Fundi mwaminifu anaanza kwa upepo wa tairi, kwa kipimo si kwa teke. Anafuata bushi na linki za stabilaiza, ambazo mara nyingi ndizo zilizolegeza gari na kuwafanya wote walaumu springi. Kisha shoki, kwa jozi, si moja ya kushoto leo na ya kulia Krismasi. Springi anazigusa mwisho, na akizigusa, anabadilisha na shoki zake. Ni kazi isiyo na kishindo. Mteja hawezi kuionyesha kwa jirani, na ndiyo sababu haiuziki.

Mwenye Probox atasema kwamba bila watu 11 halipi mkopo wa gari. Hiyo ni hoja ya biashara, na ina uzito wake. Ijadiliwe basi kama hoja ya biashara, na abiria wanaoibeba miilini mwao wakiwepo mezani, isifichwe ndani ya springi na kuitwa ufundi.